Kazi za utafiti Kigoma: dodoso lisilojua mbalamwezi

Tulifika kijiji kimoja cha wavuvi, mwambao wa kusini wa Wilaya ya Uvinza, mwezi ukiwa mpevu. Mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa maana yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa, watu hulala. Dodoso letu liliuliza: katika siku saba zilizopita, umeingiza shilingi ngapi kutokana na shughuli yako kuu? Sifuri. Nyumba ya pili, sifuri. Hadi jioni kishikwambi changu kilionyesha kijiji cha mafukara watupu, na mmoja wa mafukara hao, mzee mcheshi sana, alinijibu sifuri yake akiwa ameegemea injini mpya ya boti.

Nilimpigia msimamizi nikamweleza habari ya mwezi. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema: "Uliza swali kama lilivyoandikwa."

Nimezifanya kazi hizi kwa vipindi, mwanzo mdodosaji, baadaye kiongozi wa timu, na kwa wiki chache nimekaa hata mezani Dar es Salaam. Vijana wa Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma mjini, huniuliza kama kampuni za utafiti na ushauri zina maslahi. Waliopitia huko hawakubaliani. Wapo wanaoapa kwamba ni chuo kilichowalipa badala ya wao kukilipa, na wapo wanaosema ni kibarua kama kubeba mizigo pale Kibirizi, tofauti ni tisheti tu. Naona wote wana haki, ila wanabishania jambo dogo.

Tuanze na fedha, maana ndiyo huulizwa kwanza. Kampuni huishi kwa zabuni. Shirika au wizara hutoa hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, kampuni hushindana kwa bei, mshindi hulipwa kwa awamu: kidogo akiwasilisha mpango wa kazi, kingine akitoa rasimu, kilichobaki ripoti ikipokelewa. Anayesubiri awamu hizo ni kampuni, lakini njaa ya kusubiri huteremka hadi kwa mdodosaji. Mkataba ni wa siku, siku zikiisha hakuna likizo wala mchango wa pensheni, na malipo yenyewe hukatwa kodi ya zuio. Nimewahi kukaa miezi miwili nikiulizia hela ya wiki tatu. Anayetaka mshahara wa tarehe maalumu aombe ualimu.

Upande wa chuo, hata hivyo, si porojo. Mkoa huu umetafitiwa sana kwa sababu ya wakimbizi: kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na kuanzia 2015 Warundi waliingia kwa wingi hadi kambi za Nduta na Mtendeli zikawapokea pia. Kijana aliyekulia Kiha anaelewana na Mrundi bila mkalimani, na hilo kampuni yoyote inalihitaji. Akiwa humo anajifunza kuomba ridhaa bila kumtisha mtu, kuchora ramani ya kitongoji, kuuliza habari za kifo cha mtoto na kisha kunyamaza kwa muda unaotosha. Anajifunza pia ofisi za nchi yake, maana barua ya utambulisho hushuka kutoka mkoani hadi halmashauri, kwa mtendaji, hadi kwa mwenyekiti wa kijiji, na ukiruka hatua moja utalala stendi.

Tena Kigoma haijaanza jana. Jane Goodall alianza kazi yake ya kuchunguza sokwe Gombe mwaka 1960. Mei 1975 watu wanne wa kituo kile walitekwa na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire, na wanafunzi wa kigeni wakaondolewa. Kumbukumbu za sokwe hazikukatika. Waliobaki wakiwafuata sokwe kila siku na kuandika walichokiona, kwa Kiswahili, ni Watanzania, wengi wao wenyeji wa huku. Hao walionekana wanatosha kuangalia na kuandika. Kueleza maana ya walichokiona kulibaki, kwa sehemu kubwa, kwa wengine, na hapo ndipo naona ugomvi wetu wa kweli na kampuni hizi ulipo, zaidi ya kwenye posho.

Maana mdodosaji hurudi na majibu ya aina mbili. Yapo yaliyomo kwenye kishikwambi, na yapo aliyoyaona: mwezi, injini, mke aliyekuwa akimtazama mumewe kabla ya kujibu. Ya kwanza husafiri hadi ripoti. Ya pili huishia kwenye kahawa ya jioni.

Sasa niwatendee haki wa upande wa pili, kwa sababu nimekaa kwenye viti vyao. Utafiti ni ulinganisho. Swali lile lile la siku saba lilikuwa likiulizwa Tabora kwa mkulima wa tumbaku, ambaye hulipwa msimu wa masoko na miezi mingine hana kitu mkononi. Mimi nikilibadilisha Uvinza, na mwenzangu akalibadilisha kule Urambo, Tabora, mwisho tuna maswali mawili yasiyoweza kuwekwa kwenye jedwali moja. Halafu kuna vibali. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ilianzishwa kwa sheria ya 1986, na tafiti zinazogusa afya hupita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Dodoso lililopata kibali cha maadili ndilo linaloruhusiwa kuulizwa. Mdodosaji anayebuni maneno yake fildi anaweza kuiponza kazi nzima.

Na kuna hoja ambayo sisi wadodosaji hatupendi kuisikia: tumejiharibia wenyewe. Kupika data kupo. Mwenzetu mmoja alijaza madodoso manne chini ya mwembe, akiwapa watu wa kufikirika watoto, ng'ombe na magonjwa. Mahojiano yanayochukua karibu saa nzima yeye aliyamaliza kwa dakika tisa, na alama za mahali zilionyesha kaya zote nne zinaishi sehemu moja. Alirudishwa nyumbani siku hiyo, na sikumhurumia. Kampuni iliyoumwa hivyo mara tatu haitasikiliza kwa urahisi mtu anayepiga simu kusema swali lenu halifai.

Hata hivyo, hoja hizo zinanishawishi kwamba swali lisibadilishwe njiani. Hazinishawishi kwamba mdodosaji asisikilizwe kabla na baada. Kampuni moja niliyofanya nayo kazi ilitenga siku moja ya kulipwa baada ya majaribio, tukakaa ukumbini watu kumi na wawili na mtu aliyeandika dodoso. Swali la wavuvi likawa "giza lililopita" na lile la wakulima likawa "msimu uliopita", na kampuni ikapanga hesabu ya kuyaleta majibu yote kwenye kipimo cha mwaka mmoja. Ilikuwa ni siku moja tu. Najua kwa nini ni nadra: zabuni ikibanwa, siku hiyo ndiyo ya kwanza kufutwa kwenye bajeti, kwani mteja hawezi kuiona ndani ya ripoti. Kwa hiyo lawama nyingine ni ya mteja anayechagua bei ya chini kisha akalalamikia ubora.

Kijana anayeniuliza, mimi humwambia aende. Asikate tamaa kwa malipo ya kuchelewa, ila awe na shamba au genge pembeni, na aandike daftari lake mwenyewe kila jioni.

Mimi nilikuwa nalo, na lilinifaa. Baada ya ile kazi ya Uvinza niliitwa Dar es Salaam wiki tatu kusaidia kusafisha data. Siku ya pili mchambuzi mmoja, kijana mwerevu na mpole, aligeuza kompyuta yake anionyeshe kijiji kimoja cha mwambao wa Tanganyika. Sifuri tupu kwenye safu ya kipato, timu nzima, siku mbili. "Hawa walipika," aliniambia. Nikafungua daftari, nikamwonyesha tarehe, nikamweleza mwezi na giza. Alishangaa kweli, akaniruhusu nifungue safu mpya pembeni niandike maelezo, na nikaandika, kaya kwa kaya, pamoja na ile injini ya boti. Faili la mwisho lilipotumwa kwa mteja nililifungua kuhakiki. Sifuri zilikuwepo zote. Safu yangu haikuwepo.