Charles Kao na uchafu wa kioo

Kila anapotajwa Charles Kao huitwa "baba wa faiba". Sifa hiyo mimi siipendi, maana inaficha kazi yake halisi. Faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, zilikuwepo kabla yake, na madaktari walishaanza kuzitumia kuchungulia matumbo ya wagonjwa. Ila hakuna aliyekuwa ameonyesha vizuri kwa nini mwanga ulikuwa unafia njiani.

Kao alizaliwa Shanghai mwaka 1933, akasomea uhandisi wa umeme London, kisha akaingia STL, maabara ya utafiti wa mawasiliano mjini Harlow, Uingereza. Enzi hizo, ukipitisha mwanga kwenye uzi wa kioo, baada ya mita 20 hivi ilikuwa inabaki asilimia 1 tu. Wakubwa wengi wa fani walikuwa wamekata tamaa na kioo. Bell Labs, maabara kubwa ya simu ya Marekani, ilikuwa imeelekeza nguvu kwenye mabomba ya kupitishia mawimbi ya redio. Kao akauliza swali la kifundi hasa: kosa ni la kioo chenyewe, au la vitu vilivyochanganyika nacho?

Chukua kipande cha kioo cha dirisha, ukitazame kwa ubavuni. Ule ukijani unaouona ni chembechembe za chuma. Ukikitazama kwa mbele huzioni, kwa kuwa mwanga unapita milimita chache tu. Mwaka 1966 Kao na mwenzake George Hockham waliandika kwamba uchafu wa namna hiyo ndio unaomeza mwanga, na kwamba siku kitakapopatikana kioo kinachofikisha asilimia 1 ya mwanga mwisho wa kilomita nzima, simu zitapita humo.

Mwingine angeishia hapo, asubiri sifa. Yeye alifunga safari, akabisha hodi kwenye maabara za Marekani na Japani na kwa watengenezaji wa vioo, akiwashawishi watu ambao wengi hawakumwamini. Akarudi kupima silika safi, yaani kioo kisicho na uchafu, akakuta inapoteza mwanga kidogo sana, yaani hesabu zake zilikuwa sawa. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa Corning, kampuni ya vioo ya Marekani, wakalivuka lengo lake. Siku hizi, baada ya kilomita moja, asilimia 95 hivi ya mwanga bado ipo.

Siku ukimkuta fundi wa faiba mtaani, simama umwangalie. Anamenya uzi, anaufuta kwa spiriti, anaukata, anauweka kwenye mashine ya kuunga, halafu anasubiri namba itokee kwenye skrini: 0.02, pengine 0.03. Ni desibeli, kipimo cha mwanga unaopotea, zilezile Kao alizokuwa akizihesabu. Namba ikiwa kubwa, fundi anakata na kuanza upya, mara nyingi kwa sababu ya kivumbi tu.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM, kebo ya faiba ipitayo chini ya bahari, ulianza kazi Mombasa na Dar es Salaam, nasi tukaanza kuachana na intaneti ya setilaiti, ghali na ya kukatikakatika. Oktoba mwaka huohuo Kao akatangaziwa Nobeli ya fizikia, miaka 43 baada ya makala yake. Kwa maoni yangu walichelewa mno. Alikuwa tayari na ugonjwa wa Alzheimer, na mhadhara wake Stockholm ulitolewa na mkewe, Gwen. Naye alikuwa mhandisi, walikutana kazini, kwa hiyo hakuwa anasoma asichokielewa.