Punguzo la Inchi Nne

Eti nipunguze bei kwa sababu gitaa langu ni fupi. Jamani! Nimepiga besi tangu enzi ambazo bendi ilikuwa na sare na suruali zilikuwa na marinda, nimesimama nyuma ya waimbaji waliofariki na waliookoka, halafu leo mtu wa kamati ya harusi ananitazama kiunoni na kuniuliza, "Hilo si la watoto?"

Sina makuu, naeleza tu. Gitaa lenyewe ni jipya lakini limetengenezwa kwa sura ya miaka ya sitini: kijani kilichopauka kama friji ya bibi, bamba jeupe la plastiki kifuani, vifundo viwili vya chuma, basi. Halina taa, halina betri. Nimelichukua kwa sababu mimi na lile refu hatuelewani tena, mgongo umeingilia kati. Na sauti yake ni nene, ya duara, ile inayofika kwenye kiti ulichokalia kabla haijafika sikioni. Kasoro yake ni kichwa kizito: ukiachia mkono tu, linainamia sakafu. Lakini la watoto? Paul McCartney wa Beatles alinunua besi yake fupi ya Höfner pale Hamburg mwaka 1961, ile yenye umbo la fidla, na unajua kilichofuata. Likaibwa London mwaka 1972, na habari kwamba limemrudia zikatangazwa 2024. Zaidi ya miaka 50 linatafutwa. Nani anatafuta la watoto miaka yote hiyo?

Turudi kwenye kikao cha kamati. Cha saa tisa, kikaanza saa kumi na mbili, mnajua wenyewe. Ukumbi ukapita. Keki ikapita. MC akapita bila kupingwa, na bei yake naihifadhi kwa heshima ya mtandao huu. Mtu wa droni naye akapita, sijui atarusha wapi kwenye ukumbi wenye dari. Ilipofika bendi, ndipo hali ngumu ya uchumi ikakumbukwa.

"Mwalimu," mwenyekiti akaniambia, "hebu fungua tuone kifaa."

Nikafungua. Nilikuwa nacho maana nilitoka mazoezini.

"Mbona dogo?"

"Ni la skeli fupi, mwenyekiti. Uzi wake inchi 30. Haya mliyozoea, tangu kampuni ya Fender walipotoa besi yao ya Precision mwaka 1951, ni 34."

Nikadhani nimejibu kitaalamu, hoja imefungwa. Kumbe mweka hazina ni fundi cherehani, ndiye anayeshona sare za wasimamizi, na tepu ilikuwa shingoni. "Tuhakikishe," akasema. Wakalilaza gitaa langu mezani, kati ya soda na bakuli la kachumbari. Katibu akashika kichwa. Mama mweka hazina akaweka ncha ya tepu pale juu nyuzi zinapokalia kile kijifupa, akavuta taratibu hadi kwenye vyuma vya chini, miwani ikiwa puani, pini mbili mdomoni.

"Thelathini na moja."

"Mama, umepitiliza. Hapo ni zinapofungiwa."

Akarudisha. "Haya, thelathini."

Katibu akaandika. Nawaapia, akaandika kwenye muhtasari.

Mwenyekiti akatoa simu, akafungua kikokotoo. "Nne gawanya kwa thelathini na nne... asilimia kumi na moja nukta saba sita. Tuiite kumi na mbili. Mwalimu, tupunguzie asilimia 12, haki itendeke." Kamati ikapiga makofi. Watu ambao ahadi zao wenyewe hawajalipa, wanapiga makofi.

Nikasema noti ni zilezile, E ya chini ni ileile, hakuna kilichopungua. Wakataka nithibitishe. Umeme ulikuwa umeshafanya mambo yake, kwa hiyo nikalipiga hivyohivyo, kavu. Mjomba wa bibi harusi akainamisha sikio hadi karibu alilalie, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akawageukia wenzake: "Mimi sisikii kitu." Akakaa, halafu akasimama tena. "Na lina nyuzi nne. Lile la kijana wa solo lina sita. Hilo nalo liingie kwenye hesabu."

Kuna jambo sikulisema, na sitalisema hadi harusi ipite. Uzi uleule, kwa noti ileile, ukiutoa inchi 34 ukauleta 30, mkazo wake unapungua kwa asilimia kama 22. Ndiyo maana unalegea chini ya kidole, ndiyo maana sauti inanona. Mwenyekiti na kile kikokotoo chake angepata habari hiyo, ningetoka pale nadaiwa.

Nilikuwa bado najieleza pale kijana wa kinanda, mtoto wa juzi, niliyemleta mimi mwenyewe kwenye bendi, akasema kwa upole kabisa: "Wazee msihangaike. Besi hata mimi naweza kupiga, mkono wa kushoto."

Hapo sikuwa na mzaha tena. Nauli napandia mbili, moja yangu na moja ya gitaa, konda anasema mzigo ni mzigo, na abiria wa nyuma anauliza kama ni banjo. Nyuzi zikiisha ndiyo balaa: Kariakoo nimeuliza za skeli fupi, muuzaji akaniletea ndefu akaniambia nikate. Nikate! Ile sehemu nene ikifika kwenye funguo haitaki kuzunguka, na ukiikata kabla ya kuikunja waya wa nje unaanza kufumuka, na pesa yako inafumuka nayo. Ada ya shule nayo haijui skeli. Haiji fupi.

Mwishowe tukakubaliana asilimia saba, kisha mweka hazina akanipa kadi ya mchango, jina langu limeshaandikwa kwa kalamu nzuri, "Bw. na Bi." Nami nichangie harusi ambayo nimepunguza bei kuipigia.

Na chakula? Bendi huwa tunakula baada ya wapiga picha, baada ya madereva, baada ya watu wasiojulikana walikotoka. Harusi moja mwaka jana nililetewa sahani ya pilau safi, mchele umechambuka, bizari inanukia, nikachimba upande huu, nikachimba upande ule, nikafika kwenye sahani. Nikamuuliza dada wa huduma nyama iko wapi. Akaniambia, "Pole baba, MC kafungiwa ya kwenda nayo nyumbani."