Umbo la Afrika ni Mali Kabla ya Madini

Ramani ya Afrika niliyosomea shule ya msingi ilichorwa ubaoni kwa chaki za rangi, na juu yake mwalimu akatia alama: almasi Mwadui, shaba Katanga na Zambia, dhahabu Witwatersrand, mafuta Nigeria. Tulizikariri alama hizo tukafaulu mitihani, lakini bara lenyewe lilibaki bapa vichwani mwetu kama ubao uliolibeba. Hadi leo mijadala yetu kuhusu utajiri wa Afrika hufuata mkondo uleule, kwani kila mtu hutaja kilichofukiwa ardhini, na ni wachache wanaoitazama ardhi yenyewe ilivyoinuka na ilivyoporomoka. Mimi naamini kwamba umbo hilo ndilo mali ya kwanza, na kwamba madini yetu yanatoka kwa bei ndogo kwa sababu mojawapo ya kulisahau.

Aliyewahi kusafiri kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam analijua umbo hilo kwa mwili wake. Barabara ikifika Kitonga, nyanda za juu hukatika ghafla, na malori yatokayo Zambia na Kongo huteremka kwa gia nzito, moja nyuma ya jingine, harufu ya breki zilizopata moto ikiingia hata ndani ya mabasi. Baadhi yake yamebeba mabamba ya shaba. Kwa mbali utadhani trela ni tupu, kwa kuwa shaba ni nzito mno kiasi kwamba mzigo uliokamilika huwa na kimo kidogo tu, umefungwa kwa minyororo. Na lori likisimama, utingo huruka chini mara moja kuweka gogo mbele ya tairi. Sehemu kubwa ya kusini na mashariki mwa bara iko hivyo, nyanda zilizopita mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kisha mteremko mkali, kisha ukanda mwembamba wa pwani. Johannesburg, mji uliozaliwa na dhahabu, uko zaidi ya mita 1,700 juu.

Mto Kongo ndio unaoonyesha gharama na faida ya umbo hilo kwa pamoja. Una urefu wa kilomita zipatazo 4,700, na kwa wingi wa maji unazidiwa na Amazon peke yake. Huvuka ikweta mara mbili, kwa hiyo matawi yake ya kaskazini yanapokuwa katika kiangazi, yale ya kusini huwa katika mvua, na maji yake hayayumbi sana mwaka mzima. Ila kati ya Kinshasa na Matadi mto huo huanguka zaidi ya mita 250, poromoko baada ya poromoko, na hakuna meli inayoweza kupanda. Ndiyo maana utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ulijenga reli ya Matadi kati ya mwaka 1890 na 1898, kwa maisha ya wafanyakazi wengi. Maporomoko hayohayo, pale Inga, yanakadiriwa kuweza kutoa megawati zipatazo 40,000. Mabwawa mawili yaliyopo, la mwaka 1972 na la mwaka 1982, yalijengwa kwa uwezo usiofika hata 1,800.

Linaloniuma zaidi ni njia ambayo umeme huo ulipitishwa. Nyaya zilivutwa kilomita zipatazo 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, huko Katanga, kwa ajili ya migodi, kwa aina ya umeme ambao hauchukuliki njiani bila kituo cha gharama kubwa cha kuubadili, na vijiji vilivyo chini ya nyaya vikabaki gizani. Hata huko migodini, kobalti nyingi, madini ya kutengenezea betri, huondoka ikiwa unga wa haidroksaidi, haijasafishwa hadi mwisho. Na shaba inayoteremka Kitonga ikiwa mabamba hurudi kupanda mlima uleule ikiwa waya. Nchi ambayo mto wake una nguvu kiasi hicho haikupaswa kukosa umeme wa kusafishia kobalti yake, wala wa kuvutia waya wake.

Bonde la Ufa nalo ni umbo lililogeuka nishati, na Kenya imelitambua mapema: mitambo ya jotoardhi ya Olkaria ilianza kazi mwaka 1981, na leo mvuke wa ardhini huipatia nchi hiyo zaidi ya asilimia 40 ya umeme wake. Mfano huo ungestahili kufundishwa darasani kabla ya orodha ya madini.

Kwetu Tanzania mfano ni Ruaha Mkuu. Mto huu hukusanya maji katika bonde la Usangu, kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali, kisha huteremka kupitia mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu hadi kuungana na Rufiji, lilipo Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo tone lile lile lina kazi mara tatu au nne kabla ya kufika baharini, mradi tu liachwe liendelee na safari. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, hali ambayo wazee wa huko hawakuizoea. Simlaumu mkulima wa Mbarali, ambaye hajalipwa chochote kwa kuulinda mto unaowasha taa za mijini. Ningependa sehemu ya fedha za umeme irudi Usangu kila mwaka, ikajenge mifereji ya saruji na milango ya kufunga, ili maji yarudi mtoni mpunga ukishavunwa badala ya kupotelea kwenye majaruba matupu.