Radi, Zabibu na Jezi ya Simba

Watu wa mjini mkisikia mtu anafanya kazi na farasi mnawaza sinema, kofia kubwa, jua linazama ufukweni. Njooni huku Pongwe muone. Farasi ni kinyesi jamani. Unaamka unazoa kinyesi, unabeba pumba, unachokonoa matope kwenye kwato, alafu ukigeuka unakuta kingine kinakusubiri, cha moto kabisa kinatoa mvuke.

Shamba lina farasi wawili tu, dume mmoja mvivu na jike anaitwa Zabibu. Huku kwetu Tanga farasi ni mnyama adimu, ukipita naye njia ya Muheza bodaboda wanasimama kupiga picha. Na sio bei peke yake, ndorobo hawamtaki mema, alafu kuna ule ugonjwa wa farasi unaoletwa na visubi, vidudu vidogo hata huvioni, vinang'ata zaidi kuanzia jua linapozama mpaka kunakucha, na akiupata vibaya mapafu yanajaa maji, jana alikuwa anakula leo unatafuta jembe la kuchimbia shimo. Kwahiyo sheria ya bosi ni moja, kabla ya magharibi wote wawe bandani, mvua inyeshe isinyeshe.

Basi ilikuwa mwezi wa tatu, masika ndo inabisha hodi, joto lile la kutoka jasho umekaa tu. Zabibu nimemfunga kwenye tawi la mwembe kule mwisho wa shamba ale majani, mi huku nasukuma toroli la samadi. Kutupa jicho upande wa Usambara, milima haipo! Wingu limeimeza yote. Mwanga ukapiga nikaanza kuhesabu kama tulivyofundishwa shule, ngurumo inachukua kama sekunde 3 kufika kilomita moja, nikafika tisa ndo ikalia, nikasema aah bado iko mbali hiyo. Mwanga uliofuata nikafika tatu. Ule mwingine sikuhesabu, nilikuwa nakimbia.

Nakimbilia wapi? Mwembe. Ndo mti mrefu kuliko yote pale, na radi inapenda kirefu, alafu ikishuka inatambaa ardhini, mnyama wa miguu minne inampanda miguu ya mbele inamtokea ya nyuma, ndo maana unasikia ng'ombe wamelala zizi zima chini ya mti mmoja. Sasa Zabibu ndo yuko hapo hapo, na bosi anampenda kuliko anavyonipenda mimi.

Napita mlangoni kwa banda, mzee tunayefanya naye kazi yumo ndani kakaa na kikombe chake cha kahawa, mkavuuu. Akapiga kelele, "Weye! Vua jezi hiyo! Radi inafuata chekundu!"

Naomba muelewe hali yangu. Nimevaa jezi ya Simba. Na yule mzee ni Yanga, sio Yanga wa mchezo, ni Yanga wa kususa chakula wakifungwa. Nikamwambia babu, radi haijui rangi, na wewe hilo unalisema kwa sababu zako. Akanijibu, "Haya, nenda nayo, mi ntakusomea dua." Na pale pale ikapasuka moja, paaaa, mabati yote yakatetemeka. Sayansi ikanitoka. Nilivua ile jezi nikamrushia nikaendelea na safari kifua wazi.

Nafika mwembeni mvua ishafika kabla yangu. Na Zabibu sasa, wala hana habari! Kageuza makalio kule mvua inakotoka, kichwa chini, anatafuna. Anayetetemeka ni mimi. Nikashika fundo nifungue, fundo halifunguki. Kamba yenyewe ya katani, na katani ikilowa inavimba, fundo linabana linakuwa jiwe. Navuta haliji, nasukuma haliji, panga liko bandani, na mwanga unapiga kila saa naona mpaka mishipa ya majani. Ikabidi nitumie meno. Mtu mzima, kifua wazi, natafuna kamba chini ya mwembe kwenye radi, na farasi ananihemea sikioni. Hapo nikamkumbuka yule Mjerumani, Hindorf, aliyeleta mkonge huku kwetu mwaka 1893, wanasema iliagizwa miche 1000 kutoka Florida ikafika mizima 62. Nikasema si ingekufa na hiyo 62 jamani, leo nisingekuwa hapa.

Ngurumo zote hizo Zabibu hakushtuka. Kilichomshtua ni mfuko wa pumba, mfuko mtupu, umepeperushwa na upepo ukaja kumgusa mguu. Mama yangu! Akarudi nyuma mara moja tu, tawi likakatika kraaa, huyo kaondoka na tawi, na mimi nimelishika hilo tawi maana akili iliniambia usimwachie, kwanini iliniambia hivyo sijui. Tukaenda hivyo, yeye mbele, tawi katikati, mimi nyuma kwa tumbo. Na njia aliyochagua, katika njia zote za shamba lile, ni ya kwenye lundo la samadi nililokuwa nalikusanya tangu asubuhi. Mvua ilishaligeuza uji. Nimelipita lote, mwanzo mpaka mwisho, mdomo wazi kwa sababu nilikuwa napiga kelele.

Mlangoni kwa banda tawi likakwama, Zabibu akasimama mwenyewe kistaarabu kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Mzee akachukua panga akakata kamba, chap, akamwingiza ndani. Mi niko pale chini natema.

Nilipopata nguvu ya kusimama nikaingia, mabati yanapiga kelele hatusikilizani. Jua halijazama, wote wawili wako ndani, sheria ya bosi imetimia. Farasi akilowa hivyo lazima umkaushe asije akapata baridi, na mzee kazi anaijua, keshaanza kumsugua mgongo, akashuka mbavu, akahamia makalio, anasugua kwa moyo wote huku anapiga mluzi. Nikaangalia kile kitambaa. Chekundu.

Nikapaza sauti, babu hiyo si jezi yangu?

Hata hakugeuka. "Si umeivua mwenyewe mwanangu? Hebu lete na hiyo kaptula, miguu ya nyuma bado."