Hataza Zinazofunga Kifaa Ulichonunua

Linaloniudhi kuhusu hataza za programu, yaani haki za kisheria za kumiliki uvumbuzi katika programu za kompyuta, ni kwamba zinamnyima mtu matumizi kamili ya kifaa alichokwisha kukilipia. Mwaka 2022, waundaji wa Fedora, mfumo endeshi huria unaogawiwa bure, waliondoa uwezo wa baadhi ya kadi za michoro kufungua video za H.264 na H.265, miundo ya kubana video inayolindwa na hataza, si kwa sababu msimbo ulikuwa na kasoro, bali kwa kuhofia matatizo ya kisheria. Basi kadi inakaa bure, prosesa inabeba mzigo wote, feni inavuma na betri inakwisha haraka. Hata MP3, muundo wa sauti wa miaka ya 1990, Fedora iliruhusu kuisikiliza mwaka 2016 tu! Msimbo upo, wenye kuujua wapo, na bado tunanyimwa.