Kibali cha bastola pale ambapo hakidaiwi

Kwenye milango ya maduka mengi ya Texas utakuta vibao vya herufi kubwa, kila herufi si chini ya inchi moja, maneno yaleyale kwa Kiingereza na kwa Kihispania. Lugha hizo mbili na ukubwa huo wa herufi vimeagizwa na sheria. Kiswahili hakimo, bila shaka. Vibao hivyo vina namba za vifungu vya sheria ya jinai ya Texas: 30.05, 30.06 na 30.07. Mnunuzi wa kawaida anavipita kama anavyopita tangazo la sabuni, ila mwenye bastola kiunoni inabidi avisome kabla ya kushika mlango. Cha 30.05 kinamzuia anayebeba bila kibali, 30.06 kinamzuia mwenye kibali anayeificha, na 30.07 kinamzuia mwenye kibali anayeivaa waziwazi. Mlango ukiwa na 30.05 peke yake, mwenye kibali anaingia zake, mwenzake anarudi kuiacha garini.

Haya yote yako kwenye jimbo ambalo, kwa maneno ya mtaani, “halina haja ya kibali.” Tangu tarehe 1 Septemba 2021, kwa sheria iliyotiwa saini na gavana Greg Abbott, mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye hajakatazwa kumiliki silaha anaweza kubeba bastola bila kumwomba mtu yeyote ruhusa. Kufikia 2024 majimbo ya aina hii yalikuwa 29. Hata hivyo kibali cha zamani, yaani leseni ya kubeba bastola, hakikufutwa. Idara ya usalama wa umma ya jimbo bado inatoa leseni hiyo kwa dola 40, na watu bado wanaifuata. Wakongo na Wakenya walioko Dallas na Houston wana haki ya kuuliza: kama haidaiwi, ya nini?

Wanaosema haina kazi wana hoja, tena nzito kuliko tunavyopenda kukubali. Historia ya vibali vya silaha kusini mwa Marekani haipendezi. Mwaka 1956, baada ya nyumba yake mjini Montgomery kulipuliwa kwa bomu, Martin Luther King Jr. aliomba kibali cha kubeba bastola. Alinyimwa. Afisa akiwa na uhuru wa kuamua nani anafaa, anayekosa ni yuleyule siku zote. Mtu mweusi anayesema “sitaki serikali iamue kama ninastahili kujilinda” hasemi kwa kiburi, anakumbuka. Texas ya leo, ni kweli, haimpi afisa uhuru huo, kwani ukitimiza masharti unapewa. Ila kumbukumbu haifutwi na kifungu cha sheria.

Na mafunzo? Tusidanganyane. Darasa ni saa nne hadi sita. Kisha unasimama mbele ya karatasi yenye umbo la mtu, unafyatua risasi 50: ishirini ukiwa yadi 3, ishirini yadi 7, kumi yadi 15. Yadi tatu ni sawa na kutoka kochi hadi televisheni. Ukipata asilimia 70 umefaulu. Karatasi haikimbii, haipigi kelele, na hakuna mtoto nyuma yake. Anayetoka hapo akijiona askari amejipoteza mwenyewe. Polisi wengi walioipinga sheria ya 2021, akiwemo mkuu wa polisi wa Dallas wa wakati ule, walihofia kwamba hata saa hizo chache zitapotea, na hofu yao ninaielewa. Lakini kutetea saa nne kana kwamba ni chuo cha kijeshi ni kutia chumvi.

Kuna kinaya kingine. Leseni hii ilipokuja ilikuwa ndiyo uhuru wenyewe. Oktoba 1991 mtu mmoja aliingiza gari lake ndani ya mkahawa wa Luby's mjini Killeen, akaanza kupiga watu risasi, akaua 23. Suzanna Hupp alikuwa anakula hapo na wazazi wake. Bastola yake ilikuwa garini kwa sababu sheria ya wakati huo ilikataza kuibeba mwilini. Baba na mama waliuawa wote wawili. Alizunguka akitoa ushahidi mpaka sheria ya leseni ikapita, George W. Bush akaitia saini mwaka 1995, na mwaka uliofuata Hupp akachaguliwa bungeni Texas. Kilichoshangiliwa kama ukombozi mwaka ule, robo karne baadaye kilionekana ni pingu.

Hadi hapa mizani iko karibu sawa. Kwa raia aliyezaliwa Lubbock, ambaye bastola yake haivuki mpaka wa jimbo, nakubali kwamba leseni ni suala la hiari na starehe. Kwa mgeni ninaona tofauti kabisa, na sababu haihusu kabisa kulenga shabaha.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema kwamba asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la kubeba au kumiliki silaha ya moto kinyume cha sheria, anaweza kufukuzwa nchini. Kosa moja linatosha, hata liwe dogo, na hata uwe umeishi humo miaka ishirini na grini kadi mfukoni. Jirani yako raia akikosea hivyohivyo atalipa faini au atakaa ndani, kisha atarudi kwake. Wewe, safari ya kurudi kwenu ni nyingine.

Sasa weka hilo kando ya sheria ya serikali kuu kuhusu shule. Kubeba bastola ndani ya futi 1,000 za shule ni kosa la kitaifa, lenye kifungo cha hadi miaka mitano. Chora duara la futi 1,000 kuzunguka kila shule ya Houston, uone kama utapata njia ya kufika kazini bila kukatisha hata moja. Sheria hiyo inamwachia aliyepewa leseni na jimbo ilipo shule hiyo. Haimwachii yule ambaye jimbo limemwambia tu “beba.” Bila leseni, njia iliyobaki ni kuitoa risasi na kuifungia bastola kwenye kisanduku chenye kufuli kila unapokaribia shule. Ni kweli, watu hawakamatwi kila siku kwa kosa hili. Lakini kosa lisilofuatiliwa si sawa na kosa lisilokuwepo, hasa kwa mtu ambaye faili lake liko uhamiaji.

Wapo wanaoogopa leseni kwa sababu anayeiomba huchukuliwa alama za vidole. Jamani. Mkimbizi aliyepitia kambini na uhamiaji, vidole vyake vimeshachukuliwa mara ngapi?

Hofu ninayoiheshimu ni ya kusimamishwa barabarani. Texas inamtaka mwenye leseni aliyebeba bastola aonyeshe leseni hiyo kwa polisi akidaiwa kitambulisho. Julai 2016, huko Minnesota, Philando Castile, mtu mweusi mwenye kibali halali, alimwambia afisa kwa adabu kwamba ana silaha. Alipigwa risasi kwenye kiti cha dereva, mpenzi wake na mtoto wakiwa garini. Afisa aliachiwa na mahakama mwaka uliofuata. Anayekuambia kadi itakulinda barabarani anakuuzia kitu asichokuwa nacho. Kadi inalinda mbele ya hakimu.

Tena hailindi kila kitu. Ukiendesha umelewa na bastola iko garini, unaweza kujikuta na kesi mbili. Baa yenye kibao chekundu cha 51%, yaani inayopata zaidi ya nusu ya mapato yake kwa pombe, haiingiliki na silaha kwa yeyote. Na hapa niwaguse wapenzi wa miraa: ndani yake mna kathinoni, iliyo kwenye daraja la kwanza la dawa zilizokatazwa, na mtumiaji wa dawa hizo haruhusiwi na serikali kuu hata kuigusa bunduki. Mwanafunzi wa viza naye, isipokuwa kwa nafasi finyu kama ya leseni ya uwindaji, haruhusiwi. Kwao hao, mjadala wa kibali ulikwisha kabla haujaanza.

Aliyenifanya niandike haya ni rafiki yangu dereva wa lori, Mkongo wa Fort Worth, ambaye alikuwa akibeba bila kibali na kujisifu kwamba ameokoa hela. Nilimuuliza anafanyaje akiteremka kununua chakula Las Cruces, New Mexico, jimbo linalodai leseni kwa anayebeba bastola iliyofichwa na linaloitambua ya Texas. Alinyamaza. Mwezi uliofuata alienda darasani. Leseni anayo sasa kwenye pochi, na bado kila akipangiwa mzigo wa New Jersey, ambako haitambuliki, bastola inabaki kabatini, imefungwa, ufunguo kwa mkewe.