Doa la mtu hutolewa na nani?

Ukitaka kujua jamii inavyomhukumu mtu, sikiliza inamwitaje akishachafuka, kisha uliza kama yupo mwenye ruhusa ya kumsafisha.

Waingereza wa zamani hawakuwa na huruma. Aliyepatikana na uhaini au kosa zito la jinai alihesabiwa kuwa damu yake imeharibika, hata watoto wake wasiweze kurithi kupitia kwake. Hali hiyo iliitwa attainder. Asili yake ni neno la Kifaransa cha kale la kumtia mtu hatiani, ila masikioni mwa watu likachanganyika na taint, yaani doa, na mchanganyiko huo ukashika. Ilifutwa mwaka 1870.

Wajapani wana kegare. Anayeijua najisi ataielewa upesi: si dhambi, ni hali inayompata mtu kwa kukaribia kifo au damu, na huondoka kwa maji au chumvi. Ndiyo maana wengine wakitoka mazikoni hujinyunyizia chumvi kabla ya kuingia nyumbani. Ningeisifu busara hiyo, lakini wachinjaji na watengeneza ngozi hawakupewa chumvi. Waliitwa eta, jina linaloandikwa kwa herufi za "uchafu mwingi", na watoto wao wakazaliwa nalo. Serikali ilifuta tabaka hilo mwaka 1871, ubaguzi ukabaki. Na juzi tu, 2018, mjini Maizuru, meya alianguka ulingoni mwa sumo, mieleka ya Kijapani. Wanawake walioruka kumhudumia wakatangaziwa kwa kipaza sauti watoke, maana ulingo ule ni mtakatifu na mwanamke haukanyagi. Chama cha sumo kiliomba radhi baadaye. Mtu anakata roho, wao wanalinda udongo!

Mimi nawapa kura Wathai. Kwao borisut ni safi, na ndilo neno la mtu asiye na hatia pia. Doa ni monthin, na wana sheria kabisa ya kuliosha. Ile ya mwaka 2007, mfalme Bhumibol alipotimiza miaka 80, ilisema aliyekwisha kutumikia adhabu yake ahesabiwe hajawahi kuadhibiwa. Watumishi wa serikali walioadhibiwa kinidhamu nao waliingizwa humo, jambo linalonikera kidogo. Lakini sheria yenyewe iliweka mpaka: kuoshwa doa hakumpi mtu haki ya kudai chochote, si cheo, si mshahara aliopoteza.